Kuruka kutoka daraja la Twin Falls: sheria inasema nini, na wenye mchezo wanasema nini



Mwezi uliopita mtoto wa baba mdogo alinitumia video kwa WhatsApp. Alizaliwa Kabambare, akakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa anaishi mji wa Twin Falls, jimbo la Idaho, Marekani. Katika video kuna daraja refu la chuma. Chini yake kuna bonde la mawe, na mto unaonekana mwembamba kama kamba. Kijana mmoja amepanda nje ya uzio wa daraja, amebeba mfuko mgongoni, anahesabu tatu, mbili, moja, anajitupa. Watu wanaopita kwa miguu wanatazama kidogo, halafu wanaendelea na safari yao. Chini ya video mdogo wangu aliandika: "Yaya, hapa polisi hakatazi. Miye pia nataka kuruka."

Nilimpigia palepale. Nilianza na makelele, kama mkubwa yeyote. Yeye akanijibu kwa utulivu: "Sasa, yaya, kama sheria inaruhusu, kosa liko wapi?" Nikakosa jibu. Nina lisansi ya sheria na nilikosa jibu! Ndiyo maana nimetafuta, nimesoma, nimeuliza, na leo nawaandikia. Tuko na ndugu wengi Twin Falls na Boise, waliopita Nyarugusu kama yeye. Wengine waliingia Idaho kupitia programu ya wakimbizi ya College of Southern Idaho. Swali hili litawafikia wengi wenu kwa simu, kama lilivyonifikia miye.

Kwanza jina. Mchezo unaitwa BASE. Ni herufi nne za Kiingereza, na kila moja inasimamia kitu ambacho mtu anaruka kutoka juu yake: jengo, mlingoti wa antena, daraja, na ardhi yenyewe, yaani mwamba. Aliyeueneza ni Carl Boenish, Mmarekani mpiga filamu, ambaye mwaka 1978 alirekodi miruko ya parashuti kutoka mwamba mkubwa wa El Capitan, California. Mtu akimaliza kuruka kutoka vitu vyote vinne anapewa namba yake ya maisha. Namba 1 ni ya Phil Smith na namba 2 ni ya Phil Mayfield, wote wawili Texas, Januari 1981. Boenish na mke wake Jean wakafuata.

Wengi wanachanganya mchezo huu na kuruka kutoka ndege. Kwenye ndege mtu anatoka mita 3,000 au 4,000 juu. Ana parashuti mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, na ana muda wa kufikiri shida ikitokea. Daraja la Twin Falls, jina lake Perrine, liko mita 148 tu juu ya mto Snake. Chukua ile fomula ya kuanguka tuliyofundishwa sekondari, weka mita 148, weka 9.8, na usihesabu upinzani wa hewa. Utapata sekunde tano na nusu hivi kutoka ukingo wa daraja mpaka majini. Ndani ya sekunde hizo parashuti inatakiwa ifunguke, ikae vizuri, na wewe uipeleke mahali pa kutua. Kwa hiyo warukaji wa pale wanaifungua haraka, sekunde moja, mbili, tatu. Wanashika mkononi parashuti ndogo, wanaitupia upepo, na ile ndogo ndiyo inavuta kubwa kutoka mfukoni. Ya akiba hawabebi. Hata wangeibeba, muda wa kuitumia haupo.

Hatari yake imepimwa. Madaktari wa Norway walihesabu miruko 20,850 iliyofanywa kwenye mlima Kjerag kati ya 1995 na 2005. Watu 9 walikufa, yaani mmoja kwa miruko kama 2,317. Ajali zisizoua zilikuwa 82, yaani moja kwa miruko 254. Na Kjerag ni mahali penye utaratibu, mwamba una karibu mita 1,000, kuna klabu inayosimamia na kufundisha wageni namna ya kuruka pale. Mimi nikiambiwa kwamba moto ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare inaua mtu mmoja kwa safari 2,317, nitatembea kwa miguu.

Tena uzoefu haumalizi hatari. Boenish mwenyewe alikufa Julai 1984 kwenye mwamba wa Trollveggen, Norway. Valery Rozov, Mrusi, Februari 2015 aliruka kutoka Kilimanjaro, hapa jirani, akitoka kwenye mita 5,460 hivi akiwa amevaa nguo yenye mabawa. Huyo alikuwa fundi wa mafundi. Novemba 2017 akafa akiruka kutoka mlima Ama Dablam, Nepal.

Sasa twende kwa sheria, maana hapo ndipo mdogo wangu alinishika.

Alisema kweli. Daraja la Perrine, lililomalizika 1976, linajulikana Marekani yote kwa jambo hilo: mtu anaweza kuruka siku yoyote ya mwaka bila kuomba kibali. Hakuna ofisi ya kupitia, hakuna karatasi ya kusaini, hakuna mtu wa Leta anayekuuliza umejifunza wapi. Mwaka 2006 Dan Schilling aliruka pale mara 201 ndani ya saa 24, na mji ukamshangilia. Watalii wanakuja kutazama. Wako pia wanaomfunga mgeni kifuani kwao na kuruka naye kwa malipo.

Lakini usichukue Perrine ukaifanya sheria ya Marekani nzima. Kule West Virginia kuna daraja la New River Gorge, refu zaidi, mita 267 juu ya mto. Pale kuruka kunaruhusiwa siku moja kwa mwaka, Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Sikukuu yao inaitwa Bridge Day, ilianza 1980. Siku hiyo daraja linafungwa kwa magari, warukaji wameandikishwa, waokoaji wako chini kwenye mto. Kesho yake mtu yuleyule, na parashuti ileile, akiruka, anakamatwa.

Na kwenye hifadhi za taifa mambo ni magumu zaidi. Kanuni yao haitaji hata jina la mchezo. Inakataza kufikisha au kuchukua mtu au kitu kwa parashuti, helikopta au njia nyingine ya hewani bila kibali. Maneno hayo yanatosha kumkamata mrukaji. Adhabu inafika mpaka miezi sita jela na faini ya dola 5,000, na parashuti yako inaweza kuchukuliwa kama kidhibiti. El Capitan, mwamba ule wa Boenish, iko ndani ya hifadhi ya Yosemite. Mwaka 1980 hifadhi ilijaribu kutoa vibali. Jaribio halikumaliza hata miezi mitatu. Wakubwa wa hifadhi walisema warukaji hawafuati masharti, wakafunga, na mpaka leo imefungwa.

Kwenye majengo, kesi mara nyingi haihusu kuruka. Inahusu kuingia. Septemba 2013, saa za usiku, wanaume watatu waliruka kutoka jengo la One World Trade Center, New York, wakati lilikuwa bado linajengwa. Walitua salama, wakaondoka. Kamera zilikuwa zimewaona. Machi 2014 wakajisalimisha kwa polisi, na mwisho mahakama ikawapa kazi za jamii na faini. Sasa linganisha na Dubai, Aprili 2014: Wafaransa wawili, Fred Fugen na Vince Reffet, waliruka kutoka Burj Khalifa, mita 828, mchana kweupe, mbele ya kamera. Wao walipewa ruhusa na wenye jengo. Parashuti ni parashuti. Kinachobadilika ni nani mwenye mahali na kama amesema ndiyo.

Hapo nilimwambia mdogo wangu jambo ambalo Mmarekani mwenzake hatamwambia. Mzaliwa wa pale akikamatwa hifadhini analipa faini, anaomboleza parashuti yake, anarudi kazini. Wewe uko na kadi ya kijani, na unangojea miaka itimie uombe uraia. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kupewa hati ya kosa, au kushtakiwa. Utaandika ukweli, halafu utaeleza kwa afisa asiyekujua kwa nini mkimbizi kutoka Kongo alikuwa anajitupa usiku kutoka mwamba wa Leta. Labda itapita. Lakini kwa nini ujitafutie maelezo hayo?

Nisiseme uongo, sheria nayo inaweza kuua. Mwaka 1999 unaonyesha. Mwezi wa sita Frank Gambalie, mrukaji aliyejulikana sana, aliruka kutoka El Capitan, akatua vizuri kabisa. Askari wa hifadhi walimkimbiza. Akajitupa katika mto Merced, uliokuwa umejaa maji ya theluji, akazama. Mwamba haukumfanya kitu, alikufa kwa kukimbia. Mwezi wa kumi wenzake wakapanga maandamano: wataruka wazi, mbele ya askari na waandishi wa habari, kuonyesha kwamba mchezo unaweza kufanywa salama. Jan Davis, mama wa miaka 60, alikuwa mmoja wao. Alijua parashuti itachukuliwa na askari, kwa hiyo hakuleta yake nzuri, akavaa ya kuazima. Yake ilifunguliwa kutoka mgongoni, ile ya kuazima ilifunguliwa kutoka mguuni. Haikufunguka, akafa mbele ya watu, na mume wake alikuwa chini anapiga filamu.

Nimerudi kwa hadithi hiyo mara nyingi. Sheria ilikuwa inakataza kwa jina la usalama, na yeye alikuwa anapinga kwa jina la usalama, na kilichomuua ni hesabu ndogo ya pesa kati ya hao wawili: nisipoteze parashuti yangu. Wanafunzi wa sheria, mkitaka mada ya kujadili kwenye oditoriamu, chukueni hiyo.

Basi sheria ndiyo hiyo. Lakini nilipouliza watu wanaoujua mchezo, niliona wanaongea kidogo juu ya sheria na sana juu ya adabu. Adabu hiyo haikuandikwa na Leta. Mgeni asiyeijua anajulikana dakika ya kwanza.

Adabu ya kwanza: usiunguze mahali. Ndivyo wanavyosema wenyewe, mahali "pameungua", wakimaanisha pamefungwa kwa sababu ya ujinga wa mtu mmoja. Trollveggen iliungua: miaka miwili baada ya Boenish kufa, mwaka 1986, Norway ikapiga marufuku kuruka pale, maana waokoaji walikuwa wanahatarisha maisha yao kwenye ule ukuta kufuata majeruhi na maiti. Chamonix, Ufaransa, mwaka 2016 mrukaji mwenye nguo ya mabawa aligonga nyumba ya watu akafa, na meya akasimamisha miruko ya namna hiyo. Kwa hiyo ukifika mahali wenyeji wa mchezo wakakuambia "hapa haturuki mchana", "hapa hatupigi makelele", "picha za hapa haziendi Facebook", usiulize kwa nini kama mwanasheria. Wanalinda mlango ambao waliukuta wazi.

Mfano mzuri zaidi ni Lauterbrunnen, bonde la Uswisi. Sheria ya Uswisi inaruhusu, na miamba iko pande mbili, watu wanatoka dunia nzima. Lakini chini ya miamba, pale wanapotua, kuna mashamba ya nyasi. Nyasi hizo ni mali: mkulima anazikata, anazikausha, ng'ombe wanazila wakati wa baridi. Mrukaji akitua kwenye nyasi ndefu anazilaza, na takataka alizoangusha zinaweza kuishia tumboni mwa ng'ombe. Fikiria mtu anatoka mbinguni anatua katikati ya mpunga wako, anakunja nguo yake taratibu, anakusalimia kwa mkono, anakwenda kunywa bia. Wakulima walikasirika, na walikuwa na haki. Leo kuna kadi ya kutua: mrukaji anainunua, na pesa inakwenda kwa wenye mashamba. Wanafundishwa shamba gani la kutua na lipi la kuacha, na kwamba parashuti haikunjwi ndani ya shamba la mtu. Na kabla ya kuruka lazima wajulishe kituo cha helikopta cha bondeni, maana helikopta za uokoaji na za mizigo zinapita katika hewa ileile.

Sisi watu wa Kabambare hatuhitaji kufundishwa hilo na Uswisi. Mgeni akipita kijijini kwenda kuwinda au kutafuta dhahabu, hata kama ana karatasi kutoka Kindu yenye mihuri mitatu, anaanza kwa kapita. Anakaa barazani, anasema jina lake na la baba yake, anasema anatafuta nini. Karatasi ya Kindu inamfanya asikamatwe. Baraza ndiyo inayomfanya alale salama na aonyeshwe njia. Warukaji nao wamefika hapohapo kwa njia yao: kibali ni cha Leta, lakini mahali pana wenyewe.

Adabu ya pili inahusu mgeni na mwalimu wake, na hii ndiyo niliyosisitiza kwa mdogo wangu. Mtu hajifundishi mchezo huu kwa YouTube. Kawaida walimu wanataka uwe kwanza umeruka kutoka ndege, wengi wanataja mara 200 hivi, kabla hawajakukubalia kozi ya kwanza. Mara 200! Na kila mara unalipia ndege. Mdogo wangu akasema: "Hiyo ni kula pesa za batu." Hapana. Kwenye ndege mtu anajifunza mwili wake unavyokaa hewani, parashuti inavyopinda kushoto na kulia, namna ya kutua kwenye kipande kidogo cha ardhi, na anajifunza wakati bado ana parashuti ya pili na muda wa kukosea. Ukifika ukingoni mwa daraja, masomo yote yamekwisha, ni mtihani tu.

Na huendi kwa watu ukasema "nipelekeni". Hilo linachukiwa. Unakuja, unasalimia, unabeba mizigo ya wengine, unashika simu ya kuita msaada, unakaa chini mtoni na kutazama upepo. Ni kama kwenye kariere ya dhahabu: mgeni hashuki shimoni siku ya kwanza. Anaonana na PDG wa shimo, anabeba mchanga, anachota maji, wanamtazama. Baada ya muda mmoja anasema, huyu tumchukue. Miruko ya kwanza kabisa, mwenye uzoefu anakaa nyuma yako darajani akishika ile parashuti ndogo mkononi mwake, ili ikufungulie hata wewe ukisahau jina lako. Ndiyo maana wengi wanaanzia Perrine: chini ya daraja hakuna ukuta. Kwenye mwamba, parashuti ikifunguka imegeukia nyuma, inakupeleka ukutani. Kwenye daraja una nafasi ya kuigeuza.

Kukunja parashuti ni kazi ya mwenyewe. Huombi mtu akukunjie kwa haraka, na hugusi ya mwingine iliyotandikwa chini bila kuitwa. Warukaji wanaweza kukaa karibu saa nzima wamepiga magoti juu ya kitambaa, wanalaza mkunjo juu ya mkunjo, hawaongei. Aliyenieleza alisema pale ndipo unajua tabia ya mtu.

Kuna jambo lingine ambalo nilipenda sana, nalo ni kurudi kwa miguu. Mtu amepanda saa tatu mlimani, amefika juu, upepo umebadilika au moyo wake umekataa tu. Anafungua mfuko wake, anakula mkate, anashuka kwa njia aliyopandia. Adabu inasema hakuna anayeruhusiwa kumcheka, wala kumwambia "jikaze". Hata kama mmoja wao ametoka bara lingine kwa ajili ya siku hiyo. Kwetu vijana tungemuita mwoga mpaka siku ya ndoa yake. Wao wanaona kwamba aliyemsukuma mwenzake kwa maneno akafa, atabeba maneno hayo.

Pale Perrine kuna mambo ya pale. Kijia cha watembea kwa miguu pembeni ya daraja ni chembamba, kinapitwa na watu wa mji, wazee, akina mama na watoto. Unawapisha kwanza. Unahesabu kwa sauti ili aliye karibu ajue. Huruki juu ya mwenzako ambaye bado hajatoka mahali pa kutua, wala juu ya mashua inayopita. Kutua ni ukingoni mwa mto, kwenye mawe, na ukikosa unaingia majini ukiwa umefungwa na kamba na kitambaa kinachokuvuta. Nilimuuliza mdogo wangu: unajua kuogelea? Akanyamaza. Tukacheka wote wawili, halafu hatukucheka tena.

Ajali ikitokea, hakuna kukimbia. Unapiga simu ya dharura, unasema mahali, unabaki, hata kama mahali ni pa kukatazwa na unajua polisi watakuja nao. Na picha ya marehemu haiendi mtandaoni kabla familia haijaambiwa kwa mdomo wa mtu. Hii nataka muisikie sana, maana sisi na WhatsApp tumekosa adabu: mama anapata picha ya mwanawe kwenye grupu kabla ya kupata simu.

Baada ya yote hayo nilirudi kwa lile swali: kama sheria inaruhusu, kosa liko wapi? Nilimjibu hivi. Hakuna kosa. Sheria ya Twin Falls imeondoa mlinzi mlangoni. Yosemite mlinzi yuko, anaweza kukuzuia kwa sababu mbaya au nzuri. Kwenye Bridge Day kuna mtu anayesoma jina lako kwenye orodha. Perrine hakuna, kwa hiyo kazi ya yule mlinzi imebaki kwako, na wewe hujawahi kuvaa parashuti hata siku moja. Sheria inajibu kama utakamatwa. Swali la kama uko tayari, haliijui.

Nikampa namba ya sababu nyingine, sababu yenye sura: mama yake. Mama mdogo tulimuunganisha kwenye simu siku ya pili, na mimi nilifikiri atalia. Hakulia. Alisema: "Huyu nilimvusha Tanganyika mgongoni, usiku, mashua imejaa maji, watu wanachota kwa sufuria. Sikulala. Leo anataka kujitupa mtoni mwenyewe, kwa kucheza?" Mdogo wangu akajibu kwa sauti ya chini kitu ambacho sikukitegemea: "Mama, ule usiku sikuchagua. Hii ningechagua miye." Sote watatu tukakaa kimya, na dakika za simu zinaendelea kuhesabu.

Sikuwa na fomula ya hapo. Sikumkataza, ana miaka 24. Nilimuomba mambo matatu tu: asiruke kwa parashuti ya kuazima, asiende hifadhini na watu wa usiku, na aende darajani mchana akasalimie wenyewe kwanza.

Jumamosi iliyopita alinitumia picha. Hayuko ukingoni. Yuko chini, kwenye mawe karibu na maji, mikono imejaa kitambaa cha rangi ya machungwa cha mtu mwingine. Ujumbe wake: "Yaya, leo nimebeba mfuko tu. Nimepanda nao kutoka mtoni mpaka juu, miguu inatetemeka. Yule mzee wa kundi aliniuliza niko na miruko mingapi ya ndege. Nikasema sifuri. Akasema sawa, kesho leta maji ya kunywa."

Ameanza pia masomo ya kuogelea, kwenye bwawa la mji, Jumanne na Alhamisi. Hiyo mama mdogo anaijua. Ya mfuko alisema atamuambia mwenyewe.